Naomba ushauri: kupima nyuzi za misuli ya kizazi kwa MRI ya difyusheni

Wakuu, habari za kazi. Nasomea uzamili wa radiolojia. Nataka kuona nyuzi za misuli ya kizazi zimelala vipi pembeni ya kovu la upasuaji wa kujifungua. Kovu hilo linaweza kuachia wakati wa mimba inayofuata, na ultrasaundi inatupa unene tu, mpangilio wa nyuzi haionyeshi. Jambo hili linaninyima usingizi kweli.

MRI ya difyusheni inafuatilia maji ndani ya tishu, ambayo hupita kirahisi zaidi kufuata urefu wa nyuzi kuliko kuzikatiza. Hesabu ya tensa, inayokadiria mwelekeo wa nyuzi kutokana na mwendo huo wa maji, inataka kupima angalau pande 6. Mimi nimeweka 30.

Naanza na vizazi vilivyotolewa kwa upasuaji, kwa ridhaa ya wenyewe, vikahifadhiwa kwenye fomalini. Hapo ndipo nimekwama. Fomalini inapunguza mwendo wa maji na kufupisha T2 (muda wa signali kabla ya kufifia), na mashine yetu ni ya Tesla 1.5. Nikitumia b (nguvu ya kupima difyusheni) ya 600, tofauti ya pande haitoshi. Nikipanda hadi 1500, kelele inameza tabaka la ndani, na la nje linabaki madoadoa.

Je, niloweke kipande kwenye maji ya chumvi kabla ya kupiga picha, na kwa muda gani kikiwa kinene? Au nikuze vokseli (vijisehemu vinavyounda picha) nipate signali, hata kama nyuzi zinazopishana zitachanganyika?

Aliyewahi kupima misuli ya moyo kwa njia hii pia anisaidie, tafadhali.