Posho (ugali) inabaki, mbwa anajikuna, paka hataki: kwenu mnapikaje?

MamaBweyogerere

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada hasa kwa nyinyi mnaofuga huku Kampala na pembeni yake. Kwangu tuko watu sita, mbwa mmoja wa kienyeji wa kulinda geti na paka tuliyemchukua juu ya panya. Kila jioni chakula kinabaki, mara posho, mara matoke, maharage chini ya sufuria, wali ambao watoto wameuchezea tu na kuuacha, na roho inaniuma kweli kumwaga juu unga umepanda na makaa ndio usiseme, tangu ile 2023 yalipopigwa marufuku makaa ya biashara kutoka kaskazini mimi gunia naliangalia kwa macho tu, nanunua kwa kopo.

Kwa hivyo mabaki yote tunachanganya tunampa mbwa. Sasa mbwa anajikuna usiku kucha, manyoya yametoka mgongoni karibu na mkia, na choo chake ni laini kila mara. Paka ananusa posho anageuka anaenda zake, halafu anaiba samaki kwa jirani na jirani ameshaanza maneno. Chakula cha mbwa cha supamaketi siwezi, hiyo ni ada ya mtoto.

Pia maganda ya matoke, kila siku ni kaveera (mfuko wa plastiki) nzima, na watu wa taka wanakuja siku wanayotaka wao, mengine yanaoza hapo nje na nzi wanajaa. Nataka kujua mnafanyaje ili chakula kisiwe kinatupwa na wanyama wawe wazima, bila kuongeza bajeti. Asanteni.

Paraveti_Mukono

Pole dada. Mimi kazi yangu ni mifugo, nianze na huyo mbwa. Manyoya kutoka mgongoni karibu na mkia, mara nyingi ni viroboto, sio chakula. Mlaze, pekua manyoya hapo kwenye kiuno, ukiona vichembe vyeusi kama pilipili manga viweke kwenye karatasi nyeupe yenye maji, vikitoa wekundu hiyo ni damu iliyotoka kwa kiroboto. Tibu mbwa na paka pamoja na ufue au uchome matandiko yao, ukitibu mmoja wanarudi kwa mwingine. Lakini dawa ya viroboto ya mbwa usimpake paka! Nyingi zina permethrini na hiyo inaua paka. Uliza dawa ya paka peke yake. Choo laini, mpe dawa ya minyoo kwanza kabla hujalaumu posho, na kama chanjo ya kichaa cha mbwa imepita mwaka mpeleke, chanjo hiyo mtu asiichezee.

Sasa chakula. Mabaki sio mabaya, shida ni yale yaliyoungwa. Vitunguu maji, vitunguu saumu, hata vikipikwa vikaisha kabisa ndani ya mchuzi, vinaharibu chembe nyekundu za damu kwa mbwa na kwa paka, na paka ndiye anaumia haraka zaidi. Kidogo kidogo kila siku nako kunaumiza, mtu anaona tu mnyama amechoka, ufizi umekuwa mweupe, hajui imetoka wapi. Pili mifupa ya kuku iliyopikwa, inapasuka vipande vikali, inatoboa utumbo. Tatu, na hii naiona sana, chapati au mkate uliota ukungu, karanga zilizooza, posho ya unga ulioingiwa na unyevu, watu wanasema "mpe mbwa". Huko ndani kunaweza kuwa na sumukuvu. Inaua ini, mbwa hawaiwezi kabisa, na kuchemsha hakuiondoi. Hiyo ndiyo ya kutupa, wala kuku usiwape.

Paka anakataa posho kwa sababu posho sio chakula chake. Mwili wa paka unahitaji taurini na hautengenezi ya kutosha, lazima aipate kwenye nyama au samaki, akikosa muda mrefu macho yanaharibika mpaka upofu na moyo unalegea. Anaiba kwa jirani kwa sababu ana njaa ya samaki, mpe samaki kwake.

Okello_Ntinda

Mimi kwa heshima sikubaliani na daktari hapo juu. Kwetu Lira mbwa walikula posho na maji ya maharage tangu wazee wetu na walikuwa wakali, wanawinda, wanazeeka. Haya mambo ya taurini na nini yanatufanya tuogope kufuga. Mama apunguze kupika tu basi.

Paraveti_Mukono

Kaka Okello nakuelewa, hata kwetu ilikuwa hivyo. Ila yule mbwa wa kijijini anazunguka siku nzima, anakula panya, panzi, mayai ya ndege, kondo la nyuma la ng'ombe akizaa, matumbo siku ya kuchinja. Posho ilikuwa nyongeza. Huyu wa Bweyogerere yuko ndani ya ukuta, kile unachomwekea kwenye sahani ndicho chote anachopata duniani. Ndio maana nasema aongezewe protini kidogo, sio anunuliwe makopo ya ng'ambo. Na taurini ni ya paka, mbwa mwenye protini ya kutosha kwa kawaida anajitengenezea.

Hajati_Bombo

Salaam mwanangu. Nimelea watoto na wajukuu na paka sijui wangapi katika nyumba hii, nikwambie ninavyofanya. Usisubiri mabaki. Chakula cha mnyama kitoe KABLA. Maharage si unachemsha kwanza mpaka yaive ndio unakaanga? Basi yakishaiva, kabla ya chumvi, kabla ya kitunguu, chota kikombe weka pembeni. Hicho ni cha mbwa. Nyama vilevile, ikichemka chota supu kidogo na vipande vya mafuta mafuta ndipo uweke viungo vyako. Haikugharimu kitu, ni mpangilio wa mkono tu. Halafu ule ukoko wa posho usiukwangue ukautupa, mwagia maji ya moto, funika, ukilegea changanya na yale maharage.

Upande wa watu, pima. Wanawake wengi tunamwaga unga kwa jicho, na jicho linaogopa watu kukosa, kwa hivyo linazidisha. Mimi nina kikombe kimoja cha bati, najua wa kwangu wanakula vikombe vingapi jioni na vingapi mchana siku ya shule, sizidishi hata mgeni akiingia, mgeni nitamkaangia yai. Na watoto wadogo wapakulie kidogo kwanza, akimaliza ataomba tena, hakuna dhambi kuomba tena. Wali uliochezewa na mkono wa mtoto haukai mpaka asubuhi, lakini uliobaki sufuriani safi unakaa ukiupoza haraka ukauweka kwenye friji.

Matoke yaliyobaki asubuhi nayafanya katogo, nakaanga nyanya na kitunguu, naweka maharage ya jana, naponda matoke ndani, maji kidogo, funika. Wanakula na chai wanaenda shule wameshiba na mkate sijanunua. Na siku nyingine pika empogola, matoke na maganda yake, osha tu vizuri. Ukimenya kwa kisu mabichi unaondoka na nyama ya ndizi, hasa huyo dada wa kazi akiwa na haraka, lakini yakiiva ganda linatoka lenyewe jembamba.

MamaBweyogerere

Asante sana Hajati, hiyo ya kuchota kabla ya kukaanga sijawahi kuifikiria kabisa, na daktari nimepekua mbwa, vichembe vyeusi vipo na maji yamekuwa mekundu, nitamtafutia dawa wikendi hii. Swali, mimi sina friji. Maharage ya jana mnayalindaje na hili joto? Na hiyo protini ya bei ndogo ni ipi jamani?

Nalubega_Masese

Protini ni mukene, yaani dagaa, nyabo. Niko hapa Jinja karibu na mwalo wa Masese, tunawaanika hapa. Kuna mukene wa aina mbili, wale wanaoanikwa juu ya neti au meza, hao ndio wa watu, bei iko juu kidogo, na wale wanaoanikwa chini kwenye mchanga, hao wanaenda kwa chakula cha kuku na bei ni ya chini sana. Kwa wanyama nunua hao wa mchanga lakini uwaloweke kwenye beseni, uwakoroge, mchanga unashuka chini, unawachota juu, unarudia mpaka maji yawe safi. Halafu wachemshe bila chumvi. Kiganja kimoja cha mukene kwa paka asubuhi, kingine jioni, ataacha ya jirani. Yale maji ya kuchemshia mwagia kwenye posho ya mbwa, atalamba mpaka sahani ing'ae. Wanuse kabla ya kununua, wakiwa na harufu ya uvundo au wana ukungu waache hapo hapo.

Paraveti_Mukono

Nalubega umenena. Niongeze, mapafu ya ng'ombe kwa bucha ni rahisi pia, lakini PIKA mpaka yaive kabisa. Mbwa akila mapafu au ini bichi anaweza kupata tegu, na mayai ya huyo tegu yakitoka kwenye choo cha mbwa yakamwingia mtoto kupitia mikono, yanafanya vivimbe kwenye ini lake. Kule Karamoja ugonjwa huo wanaujua vizuri. Kwa mbwa wako fanya kama sehemu mbili posho na sehemu moja mukene au mapafu, na dodo (mchicha) kidogo au boga.

Kijana_wa_Kira

Mimi nazungumzia maganda maana hapo ndipo taka yako nyingi iko. Taka za Kampala sehemu kubwa ni za jikoni, na nyingi zilikuwa zinapelekwa Kiteezi mpaka lile jalala likaporomoka Agosti 2024 likazika nyumba za watu na zaidi ya watu 30 wakafa. Mimi tangu siku ile siwezi kuona maganda yanafungwa kwenye kaveera nikanyamaza.

Tafuta mwenye ng'ombe au mbuzi karibu, Bweyogerere na Kira wako wengi, wanachukua maganda ya matoke kwa gunia na wengine wanakulipa kidogo au wanakupa maziwa. Sharti lao ni moja, yawe ya leo na yasiwe na kaveera ndani, kaveera inaziba tumbo la ng'ombe. Kwa hivyo weka ndoo mbili, maganda huku, uchafu mwingine kule.

Ukikosa mwenye ng'ombe, yaanike mpaka yakauke kabisa, yachome ndani ya pipa lenye hewa kidogo ili yawe makaa yasiwe majivu, saga, changanya na uji mzito wa unga wa muhogo, finyanga, anika juani siku kadhaa. Hayo yanachemsha maharage polepole vizuri sana na unapumzika kununua makaa ya kopo.

MamaBweyogerere

Jirani mwenye mbuzi yupo nyumba ya tatu! Naweza kumpa na maganda ya muhogo na ovakado?

Kijana_wa_Kira

Muhogo usimpe maganda mabichi, yana sumu, yakatekate yaanike juani yakauke kwanza. Ovakado hapana, majani yake na maganda ni sumu kwa mbuzi na sungura. Hayo fukia kwenye shimo la dodo zako.

Hajati_Bombo

Umeuliza maharage bila friji sikukujibu. Yasiyokaangwa ndiyo yanakaa, kwa hivyo kaanga ya kula leo tu. Yaliyobaki yachemshe mpaka yatokote, epua, funika hapo hapo na usichovye tena kijiko, weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi mahali penye kivuli. Asubuhi yachemshe tena hata kama huyali, jioni tena. Yakianza povu au kuvutika usiyaonje, wala mbwa usimpe.