Naomba ushauri: ninunue treka ya kupigia picha za nyota nikiwa Masaka, Uganda?

Mwana_Masaka: Wakuu habari za leo. Nina Canon 700D na ile lenzi yake ya 18-55, mwezi huu wa saba nataka picha nzuri ya Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaopita pale kwenye mkia wa Nge, lile kundi la nyota. Shida ni kwamba shata ikikaa sekunde 30 nyota zinatoka vimistari, nikipunguza picha inakuwa giza na chenga tele, yale madoadoa. Kuna jamaa ananiuzia treka, kile kimota kinachozungusha kamera ifuate nyota, anasema ndiyo dawa. Hela ipo ila ndiyo akiba yote. Halafu nikapigie wapi, Bukakata kwenye Ziwa Victoria au nijibane niende mbugani Kidepo, kule Karamoja?

Fundi_Lenzi: Kaka usinunue kwanza. Treka lazima uielekeze kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kupazunguka, na ikweta si ndiyo hiyo imepita Kayabwe hapo jirani yako, kwa hiyo Nyota ya Kaskazini kwetu iko chini kabisa kwenye upeo, huioni kwa miti na ukungu. Wa Ulaya wanaiona juu wanalenga wanamaliza, sisi tunabaki na dira na pimamaji, tena stendi nyingi za treka hazilali mpaka nyuzi 0. Wewe chukua 500 ugawe kwa urefu wa lenzi, yaani 18 mara 1.6 kwa kuwa kihisi cha hiyo Canon ni kidogo, ni kama 29, unapata sekunde 17, mimi ningeshuka mpaka 13. Fungua lenzi f/3.5, usikivu wa mwanga ISO 3200, faili ghafi za RAW, piga hata 40 mfululizo stendi isiguswe, kisha funika lenzi upige nyingine 15 kwa seti ileile, za kuondoa kasoro za kamera yenyewe. Ziunganishe na programu ya Siril au Sequator, ni za bure. Chenga kila picha zinakaa ovyo lakini nyota programu inazipanga zikae pamoja, ndiyo maana picha 16 tu zinapunguza chenga mara nne. Hapo treka ya nini?

Nakato_wa_Usiku: Naunga mkono. Ila Bukakata hapana jamani, usiku wa giza usio na mwezi ndio huohuo wavuvi wa mukene, wale dagaa, wanawasha taa ziwani, upeo wote unang'aa. Na Kidepo mwezi wa saba Karamoja bado kuna mvua, kiangazi chao kinaanza Novemba, na ikifika Disemba jua liko upande uleule wa kitovu cha Njia Nyeupe, huwezi kukiona. Nenda upande wa mbuga ya Lake Mburo, huko sasa ni kikavu, ila watu wanachoma nyasi moshi unatanda, ukisikia kimvua kimepita jana yake basi usikose. Katikati ya mwezi huu kitovu kinafika juu kabisa kama saa tano usiku, kusini, nyuzi 60 hivi, Agosti katikati ni saa tatu.

Mwana_Masaka: Banange asanteni sana, jamaa wa treka nimemwambia asubiri. Na fokasi? Kamera gizani inahangaika tu.

Fundi_Lenzi: Zima otofokasi. Washa skrini, lenga Antares, ile nyota nyekundu kifuani mwa Nge, kuza mara 10 halafu zungusha pete ya mbele polepole mpaka iwe kinukta kidogo kabisa, ukipitiliza rudi. Ikishakaa bandika selotepu, na usiguse zumu tena, hiyo lenzi ukigusa zumu fokasi inahama. Kila nusu saa mulika kioo kwa tochi ya pembeni uangalie umande.

Nakato_wa_Usiku: Na tochi iwe nyekundu kaka, macho yasianze upya kuzoea giza.