Nimenunua kiwanja kilichokuwa mwalo (mahali pa kuoshea dhahabu) Chunya. Naweza kupanda mboga?

MamaKisa
Ugonile jamani. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Tukuyu, tumehamia Chunya mwaka jana kwa kazi ya mume. Kwetu ukichomeka mti wa kuanikia nguo unachipua, kwa hiyo bila bustani najiona kama mgonjwa. Tukanunua robo eka nje kidogo ya Makongolosi kwa bei ambayo, nikiikumbuka sasa, ilitakiwa inishtue.

Muuzaji alisema zamani palikuwa na "shughuli ndogo ya karasha", ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Sikuuliza zaidi. Nikapeleka udongo kupima (sitaji wapi), karatasi ikarudi: pH 6.2, naitrojeni ndogo, potasiamu ya kutosha, weka samadi, unafaa kwa mbogamboga. Nikamwaga samadi mikokoteni miwili, nikapiga matuta matano ya mchicha na chainizi. Manne yakaota vizuri. La tano, lililo jirani na shimo lililofukiwa, mchicha ukatoka wa njano, mfupi kama umekatazwa kukua. Ukifukua pale kidogo tu unakuta udongo wa kijivu, laini kama sementi, ukikauka unapasuka vigae.

Sasa juzi Jumamosi, mvua imenyesha usiku kucha, asubuhi Kisa wangu wa miaka 6 kaja jikoni na kizibo cha soda. "Mama, ona, maji hayalowanishi." Ndani kuna tone linang'aa kama fedha, ukubwa wa punje ya dengu. Anainamisha kizibo, tone linagawanyika mawili, anarudisha, linakuwa moja. Kalitoa kwenye tuta la tano kwa kidole.

Mboga za matuta yale manne tumekula wiki tatu. Je, ile karatasi ilinidanganya?

KarashaMstaafu
Pole dada. Hapo palikuwa mwalo, hakuna ubishi, na hilo tone ni zebaki. Nimefanya hiyo kazi miaka kumi na moja. Mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa kwenye mbao iliyotandikwa magunia, ule uzito unaobaki unaukanda na zebaki kwenye beseni. Mkono mtupu, glavu tulizijulia wapi. Zebaki inashika dhahabu, unakamua kwa kitambaa, kidonge unakichoma. Moshi wake ndiyo zebaki yenyewe, unapanda na kushukia hapo hapo jirani. Inayoponyoka kwenye beseni inaondoka na tope kwenda shimoni. Huo udongo wako wa kijivu ni marudio, yaani tope linalobaki baada ya kuosha dhahabu.

Wengine walichomea kwenye jiko la mkaa ndani ya nyumba, watoto wanaota moto. Mimi mkono wa kulia hutetemeka nikishika kikombe. Daktari hakusema ni nini, na mimi sisemi.

Ila usilie. Marudio bado yana dhahabu. Wenye planti za sianidi, kemikali ya kuyeyusha dhahabu iliyobaki, wananunua kwa tripu, waite waje wazoe, upate na hela ya uzio.

BwanaShamba_Uyole
Mzee wangu shikamoo, umeeleza vizuri mpaka uliposema wazoe. Hapo nakukatalia. Sianidi yenyewe jua na hewa huivunja, lakini ukiimwaga kwenye marudio yenye zebaki inaiyeyusha hiyo zebaki, na ikishayeyuka inasafiri na maji kwa wepesi kuliko ilivyokuwa imelala kwenye tope. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka jambo hilo hilo likomeshwe: kutia sianidi kwenye marudio kabla ya kuitoa zebaki.

Mama Kisa, karatasi haikudanganya. Kipimo cha kawaida cha shamba kinaangalia uchachu wa udongo na virutubisho basi. Metali nzito ni kipimo kingine, lazima ukiombe kwa jina, na uwaambie palikuwa mwalo. Ofisi ya Kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko Mbeya mjini, anzia pale. Chukua udongo wa tuta la tano, wa tuta jema, na wa mbali kabisa na shimo, kila mmoja mfuko wake.

Zebaki ni metali, haiozi, samadi haiimalizi. Sehemu kubwa inayoingia kwenye mizizi hubaki mizizini. Majani huichukua zaidi hewani, au hupakwa vumbi na tope la mvua. Kwa hiyo angalia kama jirani bado anachoma. Kwa sasa lima kwenye magunia kwa udongo wa kuletwa kutoka mbali, tuta la tano liache, lifunike lisitimke vumbi, mtoto asichezee pale.

Hilo tone usilifagie wala kulitupa chooni. Linatoa mvuke hata bila moto. Tia kwenye chupa, mwagia maji juu, funga mfuniko ukaze.

Chunya_Damu
Mnamtisha mama wa watu. Babu yangu kachimba dhahabu kwenye machimbo ya Lupa, huku huku Chunya, enzi za Mwingereza, zebaki anaishika kama maharage, kafa na miaka 84.

MamaKisa
Babu yako alikuwa na miaka sita?

Chunya_Damu
😂 Hapana. Lakini alikula ugali na kambale wa bwawa la hapo hapo mpaka uzeeni.

BwanaShamba_Uyole
Afadhali ungetaja mchicha. Kwenye tope la maji yaliyotuama, bakteria huigeuza zebaki kuwa ya aina inayoganda kwenye nyama ya samaki, na huyo anayekula wenzake, kama kambale, ndiye hubeba nyingi. Minamata, Japani, ugonjwa ulipojulikana mwaka 1956, watu walikuwa wamekula samaki. Na mtoto aliye tumboni huumia kuliko mama aliyekula samaki. Mito mingi ya upande huo inaishia Ziwa Rukwa, na Rukwa haina mlango wa kutokea.

KarashaMstaafu
Sawa kijana, nimekuelewa. Nafuta ya planti.

MamaKisa
Ndaga sana wote. Jumanne napanda basi kwenda Mbeya na mifuko mitatu, nimeiandika kwa kalamu ya kupimia vitambaa. Tone liko kwenye chupa ya jamu juu ya kabati, na kila jioni Kisa anaomba alione tena.

Ila Bwana Shamba, hukunigusia kuku. Nina saba wa kienyeji, na tuta la tano ndiko wanakopenda kuchakura kwa sababu udongo ni laini. Nimewafungia tangu jana. Mayai sita yako kwenye kapu, sijayapika wala sijayatupa.