Mwenye nyumba anataka kula dipoziti yote kwa sababu ya rangi

Mpangaji wa Juu:
Wakuu habari zenu. Nahama mwisho wa mwezi, notisi nimeshatoa kwa maandishi, kodi sidaiwi. Jana mwenye nyumba kapita, kaangalia kuta, kasema dipoziti nisiihesabu, yote inaenda kwenye rangi. Nimeingia hapa mwanangu hajaanza shule, sasa yuko darasa la nne, na muda wote huo ukuta haujaonja brashi. Kweli sebuleni kuna matundu ya misumari, na kitasa cha bafuni tumekivunja sisi. Mkataba unasema tu nirudishe nyumba "katika hali nzuri". Risiti ya dipoziti ninayo. Shemeji anasema nisilipe kodi ya mwezi wa mwisho, ngoma droo. Nifanyeje?

Fundi Brashi:
Dada, mimi napaka rangi, na kazi zangu nyingi ni nyumba ambazo mpangaji katoka juzi. Rangi ya ndani ikikaa miaka yote hiyo inakwisha yenyewe. Kupauka, alama ya kabati, weusi kuzunguka swichi, huo ni uchakavu wa kawaida, na kodi uliyolipa ndiyo malipo yake. Mlango uliopasuka au ukuta uliotobolewa, hayo ndiyo uharibifu. Matundu ya misumari ziba kwa unga wa kuzibia ukuta, piga msasa laini, basi. Usiguse na rangi! Rangi mpya juu ya ukuta uliopauka inatoa mabaka, na hayo mabaka ndiyo atakayoyashikilia. Kitasa nunua kinachofanana, tunza risiti.

Napangisha:
Mimi niko upande wa pili. Kodi ya mwisho lipa, maana ukigoma yeye ndiye anakuwa mdai, na shemeji hatakuwepo. Mwambie akupe orodha ya maandishi: kitu gani, kimeharibikaje, fundi anataka kiasi gani, na kitu chenyewe kina umri gani. Huo umri ndio wenye nyumba wengi tunaukwepa. Zulia la kudumu miaka 10 likiungua likiwa na miaka 8, mpangaji anadaiwa thamani ya miaka 2 iliyobaki, siyo zulia jipya.

Bi Mkubwa:
Picha za siku unaingia unazo, mwanangu?

Mpangaji wa Juu:
Chache, mama. Ila kuna ujumbe nilimtumia dari lilipovuja, na picha ya ukuta umevimba. Akajibu "nitaleta fundi". Hakuleta.

Bi Mkubwa:
Hapo umemshika. Jitumie kwa barua pepe, simu hupotea. Siku ya kukabidhi mkague pamoja, mchana, nyumba ikiwa tupu. Andikeni namba za mita na idadi ya funguo, mtie sahihi wote. Akikataa, piga video kila chumba mbele ya shahidi. Kisha mwandikie: kiasi unachodai, akaunti, tarehe ya mwisho. Ulizia pia sheria ya kwenu inampa siku ngapi za kurudisha dipoziti, na kesi ndogondogo za madai zinapelekwa wapi.

Mpangaji wa Juu:
Asanteni sana. Shemeji kanuna. Fundi, huo unga unakauka baada ya muda gani?

Fundi Brashi:
Tundu la msumari, saa chache. Kubwa liache lilale hadi kesho. Ukiligusa likawa bado la baridi, msasa weka kando.