Nauza pikipiki zangu mbili aina ya boxer niingie kwenye Forester turbo, nishaurini kabla sijatoa hela

Msafwa Mpole
Wakuu habari za jioni. Mimi mkazi wa Uyole hapa Mbeya, nina boxer mbili ziko kwa vijana kijiweni, kila mmoja analeta hesabu elfu saba kwa siku, Jumapili wanapumzika. Sasa nimepata Subaru Forester SG5 ya 2005, turbo, mwenyewe anahama anaitoa milioni 6.8 tu, bodi haijaguswa, sunroof ipo, rimu za 17, ukikanyaga unasikia kabisa turbo inavuta. Nikiuza boxer zote na kuongezea kidogo naimaliza. Naomba kujua ulaji wa mafuta na spea kwa huku milimani. Na msiniambie ninunue IST, kale ka Toyota kadogo, nikikaa kwenye IST najiona nimekalia kiti cha plastiki. Nawasilisha.

fundi_wa_Sae
Dogo gari zuri hilo, wasikutishe. Huku mjini tuko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, injini ya kawaida inachoka ndo maana hizo IST zinalia kupandisha Iwambi, turbo inajisukumia hewa yenyewe haijali mlima. Ila lipa gharama zake. Mjini hesabu kilomita 7 kwa lita na mguu wako ukiwa na adabu. Oili fullu sinthetiki kila kilomita 5,000 usizidishe, turbo inakufa kwa oili chafu. Taimingi belti kwenye kilomita laki moja, ikikatika valvu zinagonga pistoni hapo unatafuta injini nyingine. Matairi yote manne yawe saizi moja na yameisha sawa, ukichanganya unaua mfumo wa foo wili.
Kulikagua nenda asubuhi sana injini ya baridi, mwambie asiliwashe kabla hujafika. Baridi ya huku kila gari linatoa moshi mweupe, huo ni mvuke usikutishe, ukiendelea na injini imeshapata moto huku una harufu tamu tamu hiyo ni kulanti, maji ya kupozea injini, inaungua, kimbia. Ukiwa wa bluu ni oili. Halafu chomoa stiki ya oili na unuse.

Mzee wa Kitonga
Nyie vijana mnajua kupanda tu. Mimi nimeshuka mlima Kitonga na Scania miaka mingi, hizi gari ndogo za otomatiki zinashuka ziko D, breki toka juu mpaka chini, anafika Mahenge gari linanuka breki anashangaa. Weka gia ndogo injini ikushikie. Kuna mmoja alikuwa na Subaru nyeusi alinipita kwenye kona nikamkuta mbele kasimama anamwagia tairi maji ya kunywa, nikamuuliza kulikoni akasema gari lina joto. Nikaendelea na safari yangu.

Mama Makambako
Kamwene mwanangu. Mimi nina Probox nabebea viazi toka Njombe, haijui turbo wala sunroof na imenisomeshea watoto wawili. Boxer mbili ni elfu kumi na nne kwa siku, siku 26 ni 364,000 kwa mwezi, unaiuza hiyo ili upate kitu cha kula hela? Kiwanja unacho? Mwenzio nyumbani anajua?

Msafwa Mpole
Mama kiwanja kipo, na boxer nazo ni stresi, kila wiki cheni, tairi, kijana kakamatwa. Mwenzangu anajua kwamba nina mpango wa gari.

Chapa Lapa
"Anajua nina mpango" 😂😂 hajui huyo

Igawilo Finest
Wakuu hivi rodi laiseni ya kila mwaka bado ipo?

fundi_wa_Sae
Ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo mwenye turbo analipa kila anapojaza 😂

Tunduma Kwetu
Samahani narudi kwenye mada. SG5 turbo haijaguswa kwa 6.8? Na boxer mbili za mkononi huwezi kupata zaidi ya 3.5, kwa hiyo hiyo "kuongezea kidogo" ni karibu nusu ya gari. Mkuu hilo gari liko wapi na lina namba gani?

Msafwa Mpole
Hela ya kuongezea ipo usijali. Namba nzuri tu, gari liko upande wa huko Tunduma.

Tunduma Kwetu
Sijauliza kama ni nzuri. Inaanza na T au haianzi na T?

Msafwa Mpole
Mbona mnanihoji kama polisi, mimi nimeuliza mafuta na spea.

Mzee wa Kitonga
Jibu swali kijana.

Msafwa Mpole
Ok ina namba za Zambia. Lakini sioni tatizo, huku zinatembea nyingi tu, na jamaa ana mtu wake wa kunisaidia ushuru, kasema haizidi milioni mbili, kwa hiyo jumla 8.8, bado ni rahisi kuliko ya Dar.

Tunduma Kwetu
Haya sikiliza. Hizo unazoziona zinatembea ni za wageni, zina kibali cha muda cha forodha, na mwenye kibali ni mgeni mwenyewe, siyo wewe wa Uyole. Ukikamatwa nayo ni kosa la forodha na gari linabaki kwao.
Ushuru sasa. TRA haiangalii bei mliyopatana, inatumia thamani ya mfumo wao. Juu ya thamani hiyo 25% ushuru wa forodha, halafu ushuru wa bidhaa 5% kwa kuwa cc haizidi 2,000, halafu uchakavu 30% kwa kuwa gari limezidi miaka 10, halafu VAT 18% juu ya vyote hivyo. Piga mwenyewe, kodi inakaribia thamani yenyewe ya gari, na bado hujasajili. Gari la hivyo lenye thamani ya milioni saba halilipiwi mbili. Huyo "mtu wake" atakuletea kadi ya gari jingine.

Mama Makambako
Yesu wangu. Mwanangu acha.

Msafwa Mpole
Nimewaelewa ila siyo wote wanashikwa. Na nikisema niache nitapoteza, maana nilishatoa kianzio 1.5 tukaandikishana kwenye daftari, mashahidi walikuwepo.

Chapa Lapa
Kichwa cha uzi kinasema KABLA SIJATOA HELA 😂😂😂

Igawilo Finest
Hii ni chai wakuu, hadithi ya kutunga. Mwanzo mwenyewe "anahama", sasa kuna jamaa na mtu wake. Mtu mwenye wasiwasi wa spea anaanza kutaja rimu na sunroof? Huyu ni dalali, analipasha moto gari lake hapa, subirini mtaona namba ya simu.

Chapa Lapa
Nimerudi kusoma la kwanza, kweli aisee, "ukikanyaga unasikia turbo inavuta", tangazo kabisa hilo

Msafwa Mpole
Dalali gani anataja namba za Zambia? Ningeficha.

Igawilo Finest
Si uliificha.

fundi_wa_Sae
Mi nimeandika aya nzima ya moshi kumbe nashauri dalali

Mzee wa Kitonga
Mwaka juzi hapa kulikuwa na mmoja wa Ilula aliomba ushauri wa kuacha kazi anunue fuso, tukamchangia mawazo wiki nzima, mwisho akasema alikuwa anapima tu maoni. Sijibu tena vitu hivi.

Msafwa Mpole
Haya nimepiga picha boxer zote mbili nimeziweka hapo na kadi zake, nimefunika jina tu. Dalali gani ana boxer zenye matope ya Isyonje mpaka kwenye siti?

Chapa Lapa
Hiyo ya kulia siti imechanwa na paka?

Tunduma Kwetu
Iwe kweli iwe chai, kama daftari lipo nenda na mashahidi wako serikali ya mtaa ukadai hela yako, mweleze gari ulilionyeshwa halijalipiwa ushuru na hukuambiwa. Na siku ukinunua la humu ndani angalia madeni ya faini kwenye mfumo wa trafiki, kadi uihakiki TRA, halafu bima ndogo ni 118,000. Hayo ndo matumizi.

Msafwa Mpole
Nimempigia sasa hivi. Kasema kianzio hakirudi ila kwenye iliyobaki kanipunguzia laki tatu. Wakuu laki tatu siyo ndogo. Fundi, hiyo taimingi belti seti nzima Mwanjelwa naipata sh ngapi?

Mama Makambako
Mmh.

Igawilo Finest
Fundi samahani nje ya mada, Noah yangu ikipandisha Mlima Nyoka taa ya chek injini inawaka, ikishuka inazima yenyewe, shida itakuwa nini?