Naomba ushauri: shimo la viazi mahali penye mazuku

Wandugu, salamu. Niko nje kidogo ya Goma, kwenye barabara ya Sake, karibu na ziwa. Viazi vyangu vya chakula vinachipua upesi ndani ya nyumba. Nimevitandaza gizani juu ya nyasi kavu, nimejaribu na majivu, joto la mabati linavishinda. Wazee wananishauri nichimbe shimo lenye mlango na ngazi. Udongo ninao, si lava tupu. Ila naogopa mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini: ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni, haionekani, na huku imeshaua watu na mifugo. Nina watoto.

Je, bomba la kupitisha hewa linatosha, au nijenge ghala la mawe juu ya ardhi? Wengine hushusha mshumaa shimoni kwanza, waone kama utazimika. Kipimo hicho kinaaminika kweli?