Ati kamera ya gari langu "inavunja faragha"! Ushahidi umefutika hivihivi

Wakuu, habari za jioni. Mnivumilie, naandika nikiwa na hasira.

Wiki tatu zilizopita natoka Muheza na kirikuu changu, nyuma nimepakia matenga ya machungwa. Karibu tunafika Kange, hapa Tanga, Fuso ikanipita pasipopitika. Mbele yake basi hilo, linapiga honi. Dereva wa Fuso akanichomekea, mimi huyo mtaroni. Machungwa yakatapakaa barabara nzima, watoto wakayawahi kabla hata hawajatupa pole. Mke wangu, aliyekaa kiti cha pembeni, akapasuka juu ya jicho.

Dereva wa Fuso akashuka anawaka: mimi ndiye niliyehama upande! Sikubishana naye. Nikamwonyesha tu kamera iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele, inayorekodi barabara. Akanyamaza ghafla.

Kituoni nikasema, "Afande, ninayo video." Hakuiangalia hata kidogo. "Mzee, kurekodi watu bila ridhaa yao ni kosa siku hizi. Kuna sheria ya faragha. Wewe umesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi?" Mwenye Fuso naye akadakia kwamba atanishtaki kwa kuonyesha namba za gari lake. Namba za gari! Kitu kinachobandikwa mbele na nyuma ili kisomwe.

Nikarudi nyumbani Makorora nimenywea. Kijana mmoja wa mtaani kwetu anayesomea sheria ndiye aliyenifungua macho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume kweli ipo. Lakini sheria hiyohiyo imeweka msamaha kwa mtu anayeshughulikia mambo yake binafsi, kwa amri ya mahakama, na kwa kuzuia au kugundua uhalifu. Upande wa jinai, Sheria ya Ushahidi ilishaifungulia video mlango kwa marekebisho ya 2007. Ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ikasema ushahidi usikataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Mahakama inachotaka kujua ni imerekodiwaje, imehifadhiwaje, na tutaaminije kwamba haijachezewa.

Hapo kwenye kuhifadhi ndipo roho inaponiuma.

Kamera hizi zinazunguka: kadi ikijaa, inafuta ya zamani na kurekodi juu yake. Zina kifaa cha kuhisi kishindo ili faili la ajali lijifunge lisifutike, ila mimi nilikizima. Kwa njia zetu za kuingilia mashambani kila shimo kwake ni ajali, kadi ilikuwa inajaa mafaili yaliyofungwa. Sasa kirikuu kiliumia bodi tu, kesho yake niko barabarani natafuta riziki. Siku ya tatu nafungua kadi, ajali haipo. Kuna mimi na matenga, mimi na matenga.

Afande angesema neno moja tu: "Chomoa hiyo kadi, tia kwenye bahasha, tuandikishiane." Badala yake nikapewa darasa la faragha.

Kilichobaki ni klipu niliyoichukua kwa simu kutoka kwenye kioo cha kamera siku ileile, mkono unatetemeka, kidole gumba kimeziba robo ya picha. Na juu yake tarehe inasoma Januari 1, 2018, maana betri ya kamera ilishakufa zamani. Wakili wa upande wa pili ataichinja hiyo kama kuku.

Sasa sikieni hili. Jioni ileile picha za mke wangu, damu usoni, zilikuwa zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Shangazi yake akapiga simu kutoka Lushoto analia, amejua tumeshazika. Nilipomuuliza afande kuhusu hizo, akanijibu, "Hayo mambo ya wananchi, mzee."

Mimi siipingi faragha. Ipo kwenye Katiba, ibara ya 16. Hata maikrofoni ya kamera niliizima tangu siku niliposikiliza rekodi nikajikuta mimi na mama watoto tunagombana kuhusu deni la mchele. Ningeirusha video mtandaoni na kumwita yule dereva muuaji, hapo sawa, nishikwe. Lakini kumpelekea askari anayepeleleza ajali yenyewe?

Jumatatu naitwa tena kituoni, safari hii natuhumiwa kuendesha kwa uzembe. Leseni wameishikilia.

Kadi nimeshaichomoa, iko kabatini. Nasikia faili lililofutwa wakati mwingine hurudishwa. Mwenye kumjua fundi wa uhakika, hapa Ngamiani au hata Dar, anielekeze. Na kama ulikuwa kwenye basi lile, Alhamisi kama saa kumi na moja jioni, ukaona kirikuu cha bluu kinaingia mtaroni, tafadhali nitafute faraghani.